Hewa ya Ndani Ndiyo Inayonyanyua Paa: Ufafanuzi kwa Wananchi Wanaojenga na Kuezeka

Kila msimu wa mvua unapoanza, ofisi za uhandisi za halmashauri hupokea maombi ya namna moja: darasa limeezuliwa, zahanati imeezuliwa, kaya kadhaa zimelala nje, tunaomba mabati. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, wananchi walichukua tahadhari, na tunawapongeza. Lakini paa nyingi haziondoki na kimbunga. Zinaondoka na upepo wa dakika chache unaotangulia mvua ya kawaida ya alasiri.

Tukifika eneo la tukio tunaambiwa upepo "uliingia chini ukabeba paa". Hiyo ni nusu ya habari.

Hewa ina uzito, na kila mita ya mraba ya paa imebeba takribani tani 10 za hewa. Bati halibonyei kwa sababu hewa tulivu iliyo ndani ya nyumba nayo inalisukuma juu kwa nguvu ileile. Upepo unapolipita paa hulazimika kupinda kwenye ukingo na kileleni, kasi yake huongezeka na mgandamizo wake hupungua. Uhusiano huu wa kasi na mgandamizo aliueleza Daniel Bernoulli wa Uswisi mwaka 1738. Hata dirishani utauona: upepo ukipita sambamba na ukuta, pazia hutoka nje bila mtu kuligusa.

Sasa tazama hesabu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kupunguza mgandamizo juu ya bati kwa takribani nusu ya asilimia moja tu. Nusu ya asilimia ya tani 10 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 la mita 3 lenyewe halifiki kilo 10, lakini hapo linanyanyuliwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Pembeni na kwenye kona nguvu huwa kubwa zaidi, ndiyo maana ezuo karibu zote huanzia huko. Tena kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu huwa mara 4.

Kwa hiyo mawe na matairi juu ya paa si kinga. Tumelisema hili mara nyingi na bado tunayakuta. Jiwe la kilo 15 halishindani na nguvu hiyo. Litaanguka, na chini kuna watoto.

Dhana nyingine ni kufungua milango "upepo upite". Upepo ukiingia kwa mlango unaoutazama ukakosa pa kutokea, hewa ya ndani hubanwa na kulisukuma paa juu wakati huohuo upepo wa nje unalivuta. Funga milango na madirisha yote, hasa ya upande unakotoka upepo. Baraza pana lisilo na nguzo imara lina shida hiyohiyo.

Bati linashikwa na msumari, msumari na papi (mbao za kupigilia bati), papi na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi na ukuta. Mara nyingi tunaikuta kenchi nzima shambani kwa jirani, mabati yakiwa bado yamepigiliwa vizuri kabisa, na juu ya ukuta tofali la mwisho ni safi, halina hata alama ya waya. Fundi alimaliza kazi yake kwenye bati akasahau ukuta. Nondo au bandi ya chuma itokee ndani ya mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta, ipinde juu ya kenchi na kufungwa. Pembeni papi zikaribiane na misumari iongezwe. Paa la pande nne lenye mteremko wa kutosha, kama walivyojenga wazee wa pwani kwa makuti, hustahimili upepo kuliko la mteremko mmoja uliolala.

Kuhusu kibali: ombi hupelekwa halmashauri kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa, likiambatana na michoro na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Michoro ioneshe jinsi paa linavyofungwa ukutani. Isipoonesha itarudishwa kwa marekebisho. Kibali kikitoka, mjulishe mkaguzi kabla ya kumwaga msingi, kabla ya kumwaga mkanda na kabla ya kupiga mabati. Akija mabati yakiwa tayari juu, hawezi kuona kilichofungwa, na anaweza kuelekeza yafunguliwe. Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha ujenzi. Akikaidi hufikishwa mahakamani, na anaweza kutozwa faini au kuamriwa kubomoa kwa gharama zake. Kwamba "ni chumba kimoja tu" si utetezi.

Paa likiezuliwa, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na upige picha za juu ya ukuta kabla hujaondoa kitu. Usirudishie mabati kwenye papi zilezile zenye matundu ya misumari iliyong'oka.