Je, wajua kwa nini W-2 ya Marekani inaonyesha hela ambayo hukuiona benki?

Kama una ndugu au rafiki kwenye makampuni ya teknolojia Marekani, ikifika mwezi wa pili hivi utamsikia: mbona hii W-2 inasema nimelipwa hela nyingi kuliko iliyoingia? Mara nyingi jibu ni hisa.

W-2 ni ile fomu mwajiri anatakiwa akupe ifikapo Januari 31, inaonyesha mwaka uliopita ulilipwa nini na ukakatwa nini, na serikali nayo inapata nakala yake. Sasa makampuni mengi kule sehemu ya malipo yanatoa kwa hisa zinaitwa RSU, unaahidiwa leo ila unazipata kidogo kidogo ukiendelea kubaki kazini. Siku ya kuahidiwa hudaiwi kitu. Kodi inakuja siku hisa zinapokuwa zako kabisa, na kwa watu wa kodi, IRS, hiyo ni mshahara tu, uwe umeuza au umezikalia.

Chukua mfano, Mei umepata hisa 100 na bei ya sokoni siku hiyo ni dola 50. Hizo ni dola 5,000, zote zinaingia boksi namba 1 ya W-2 zimechanganywa humo humo na mshahara, na kwenye hesabu za Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) pia zinahesabiwa. Makato ni ya hapo hapo: kodi ya serikali kuu kwa kawaida asilimia 22, Social Security 6.2, Medicare 1.45, inakuja kama dola 1,480 bila kugusa kodi ya jimbo. Keshi ya kulipia haipo, kwa hiyo zinauzwa hisa 30 unabaki na 70. Yaani benki haijaingia hata senti, W-2 imepanda 5,000 nzima, sio thamani ya zile 70 ulizobaki nazo.

Waajiri wengine wanaandika RSU na kiasi chake kwenye boksi 14, wengine hawaandiki, na wala hawalazimishwi. Ukiiona usiijumlishe tena, imeshahesabiwa. Opsheni za kawaida, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa zamani, utazikuta boksi 12 kwa herufi V, nazo zimeshaingia boksi 1.

Ila watu wanaumizwa zaidi na fomu nyingine, 1099-B, ya broka, yaani wakala aliyeuza hisa kwa niaba yako. Tuseme zile 70 umeziuza kwa dola 52, umepata 3,640. Faida yako halisi ni dola 140 tu, maana 3,500 ilishalipiwa kodi kupitia W-2. Lakini kwa RSU broka mara nyingi anaacha sehemu ya gharama, yaani thamani ya hisa siku ulipozipata, wazi au anaweka sifuri, na ukijaza hivyo hivyo unalipia kodi 3,640 yote, hela ile ile mara ya pili! Hata zile 30 zilizouzwa kulipia makato mara nyingi zinatokea humo kama umepata 1,500 ya bure. Dawa yake ni kumuomba broka ile karatasi ya nyongeza yenye gharama iliyorekebishwa, halafu unarekebisha kwenye fomu 8949, ile ya kuripoti mauzo ya hisa, kwa herufi B. Programu za kujazia kodi zina sehemu ya kuweka hiyo, ila lazima uingize mwenyewe, haitajijaza.