Diplomasia ya ndoa ni nini, na kwa nini wanawake wake hawatajwi

Diplomasia ya ndoa ni pale tawala mbili zinapomaliza vita au kufunga urafiki kwa kuoana, binti wa mtemi huyu anaenda kwa mtemi yule na kuanzia hapo watu wanakuwa wakwe. Sisi wa Iringa inatuhusu sana, maana dola ya Wahehe haikujengwa kwa mkuki peke yake. Munyigumba, mtawala wa Wahehe, na baadaye mwanae Mkwawa, walioa kwenye familia za watemi walioshindwa nao, na mabinti wa ukoo nao wakaozwa kwa watu wanaotakiwa wabaki karibu. Hata Mwambambe, yule aliyegombea utawala na Mkwawa baada ya Munyigumba kufariki, alikuwa ameoa binti wa Munyigumba, ndo ujue ndoa ilikuwa inampa mtu nguvu kiasi gani.

Sasa watu wanadhani kazi ya huyo mke inaishia kwenye harusi. Hapana jamani! Yeye ndo anajua mila za pande zote mbili, ndugu zake wakija na ujumbe wanafikia kwake, wanakula kwake, wanamwambia kilichowaleta hata kabla ya baraza, na ukitokea ugomvi yeye ndo anajua nani wa kuanza naye. Akizaa, mtoto ana wajomba upande wa pili, na mjomba kwetu si mtu wa kupuuza. Ila tusipambe, wengi wao hawakuulizwa kama wanataka, na mambo yakiharibika wao ndo walibaki katikati, huku kwa mume kule kwa baba.

Kwa nini hawaonekani? Mkoloni alihesabu saini. Mjerumani Carl Peters alivyopita Usagara 1884 alikuwa anatafuta alama ya mtawala kwenye karatasi, kwa hiyo tunamkumbuka Mangungu, mtawala wa Msovero aliyeweka alama yake, na nyumbani kwake hatujui nani alishauri nini. Waingereza nao hawakuruhusu mwanamke awe mwanadiplomasia mpaka 1946, Tanganyika wameshaishika miaka zaidi ya 20. Hata mke wa Mjerumani Tom von Prince, Magdalene, aliyeishi naye hapa Iringa wakati Mkwawa bado anasakwa na Wajerumani, tunamjua kwa sababu aliandika shajara yake mwenyewe ikachapishwa 1903, cheo serikalini hakuwa nacho.

Na si ndoa tu. Kule Ungoni wakati wa Maji Maji, mjumbe Kinjala alipoleta ile dawa ya maji iliyoaminika kuzuia risasi za Wajerumani, alipokelewa na Mkomanile, mwanamke kiongozi, na ni kupitia kwake habari ikawafikia wakubwa wa Wangoni. Kumpokea mjumbe, kumsikiliza, kumpeleka kwa wenye maamuzi, hiyo ni diplomasia kabisa, na Wajerumani walilijua hilo, maana 1906 walimnyonga Songea pamoja na viongozi wanaume.