Kabla ya kuuliza kina sauti ngapi, zima umeme

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ya kinanda cha umeme, Yamaha PSR-E373, ya pili ya piano ya kidijitali, Yamaha P-145. Chini yake akaandika: "Mwalimu, hiki cha kwanza kina sauti 622 na biti za kila aina. Cha pili kina sauti 10 tu, halafu bei yake inazidi mara mbili. Si tuchukue chenye vitu vingi? Mtoto ndiyo kwanza anaanza."

Swali hili nimelijibu kwenye simu, mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, na mara moja ndani ya daladala nikiwa nimesimama. Leo naliandika, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Sauti 622 ni filimbi, gitaa, tarumbeta, ngoma, makofi na milio ambayo mtoto ataichezea siku tatu za kwanza. Baada ya hapo, kama anajifunza piano, atatumia sauti moja. Hata zile 10 za P-145 ni nyingi kwake. Pesa unayoongeza kwenye P-145 hainunui sauti, inanunua kitu ambacho picha haiwezi kukionyesha. Kiko chini ya funguo.

Hapa naomba tuende polepole, maana ndipo watu wanapopotezwa, na neno linalowapoteza ni "tachi". Muuzaji anakwambia, "Hiki kina tachi, kama piano kabisa." Nusu ya kwanza ni kweli. Chini ya kila ufunguo kwa kawaida kuna sensa mbili, yaani vihisio, moja inaguswa kabla ya nyingine. Chombo kinapima muda uliopita kati ya hizo mbili. Muda mfupi, umepiga kwa nguvu; muda mrefu, umepiga pole. Matokeo yake yanakuwa namba kati ya 1 na 127, kwa utaratibu wa MIDI ambao kampuni za vyombo zinautumia tangu 1983. Tachi yenyewe ndiyo hiyo, imeisha. Inapima mwendo wa kidole na haisemi lolote kuhusu uzito. PSR-E373 ina tachi, na funguo zake ni plastiki nyepesi inayorudishwa juu na springi.

Uzito ni habari nyingine. Kwenye piano ya kidijitali yenye nyundo, ukibonyeza ufunguo unainua kipande kizito ndani yake, na kinapoanguka ndicho kinachorudisha ufunguo. Springi na nyundo hazifanani kidoleni. Springi inaanza laini, na kadiri unavyoshuka inazidi kukukatalia. Nyundo inakukatalia mwanzoni, ukishaipa mwendo inaenda yenyewe. Mkono wa mpiga piano umejengwa juu ya hisia hiyo ya pili. Juu ya hapo, piano halisi ina nyundo nzito upande wa besi na nyepesi upande wa juu, na P-145, Roland FP-10 na Casio CDP-S110 zote zinajaribu kuiga mteremko huo. Kuna na zile zinazoitwa za "nusu uzito". Hizo kwa kawaida ni springi iliyokazwa zaidi. Usizilipie bei ya nyundo.

Kwa hiyo ukifika dukani, mwombe muuzaji azime umeme. Kabisa, achomoe waya. Sauti nzuri kwenye spika kubwa inaficha funguo mbaya, na mkono wa mwanzo hauwezi kuvitenganisha. Chombo kikiwa kimya, bonyeza ufunguo wa chini kabisa, kisha wa juu kabisa. Unasikia tofauti ya uzito? Uachie ghafla: unarudi kwa kishindo cha springi au unarudishwa na uzito wa nyundo? Sasa bonyeza ufunguo mweupe karibu na ukingo, kisha ule ule kule ndani kati ya funguo nyeusi. Ndani patakuwa pagumu zaidi. Kwenye piano za bei ya chini ugumu huo ni mkubwa kwa sababu ufunguo wenyewe ni mfupi ndani ya kasha, na hili ndilo linalowachosha watoto wanapofika kwenye nyimbo zenye funguo nyeusi nyingi. Sijawahi kuliona limeandikwa kwenye boksi lolote.

Kwa nini nakazania hivi? Piano yenyewe iligunduliwa ili kidole kiamue sauti iwe kubwa au ndogo. Hapsikodi, kinanda cha nyuzi kilichokuwapo kabla yake, ilidonoa nyuzi, na upige kwa nguvu au pole, ukubwa wa sauti ulibaki karibu ule ule. Bartolomeo Cristofori, fundi wa ukoo wa Medici kule Florence, karibu na 1700 akatengeneza chombo kinachogonga nyuzi kwa nyundo, na kikaitwa cha "piano e forte", cha pole na cha nguvu. Mwanafunzi asiyeweza kupiga pole kwa kusudi hajaanza kupiga piano.

Lakini nisieleweke vibaya na wapiga vinanda wa kwaya, maana huko ndiko nilikoanzia. Ukipiga sauti ya ogani kanisani, nguvu ya kidole haina kazi. Noti inalia mpaka uiachie, na ufundi wote uko kwenye kuachia. Funguo nyepesi hapo ni sahihi kabisa. Mwenye kupiga taarabu naye anahitaji kinanda kinachomruhusu kushusha noti kwa kama robo toni, na piano nyingi za kidijitali hazina uwezo huo. Hivyo ni vyombo vingine, vyenye mabwana zake. Mgogoro unaanza pale mtu anaponunua kimoja akitaka kujifunza kingine. Nimepokea vijana wanaopiga nyimbo zote kwenye C na kubadilisha kwa kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha wimbo mzima. Masikio yao ni makali kuliko yangu, lakini vidole vimezoea wepesi, na mbele ya piano ya nyuzi nusu ya noti zao hazitoki.

Mengine nitayapitia haraka. Funguo 88 ni bora, ila 61 zinamtosha anayeanza kwa mwaka wa kwanza, vitabu vya mwanzo vinatumia funguo za katikati. Funguo ndogo za kitoto, hapana: oktava ya kawaida ina upana wa kama sentimita 16.5, na mkono ukizoea nyingine utajifunza upya. Polifonia, yaani idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, ya 64 inatosha. Pedali usiikose, na ile ndogo ya plastiki inayokuja na boksi iwekee mkeka, kwenye vigae inakimbia.

Mtumba wa Japani unahitaji neno refu kidogo. Piano zile kubwa za kidijitali zenye kasha la mbao zinashuka bandarini kwa bei nzuri na nyingine ni vyombo bora kuliko kipya chochote cha bei hiyo. Lakini umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Mama mmoja alichomeka yake ukutani siku ileile ilipofika, moshi ukatoka kabla mtoto hajakaa. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, tafuta transifoma ya kushusha hadi 100, si 110.

Sasa lile ambalo wenzangu hawapendi nikilisema. Zamani niliwaambia wazazi kwamba kuanzia kwenye kinanda chepesi kunaharibu mkono. Siliamini tena. Nimekuwa na wanafunzi waliokaa miaka miwili na springi, wakahamia kwenye nyundo ndani ya mwezi mmoja, na wengine waliohangaika mwaka mzima. Nimejaribu kutafuta kinachowatofautisha: umri, muda wa mazoezi, ukubwa wa mkono. Kila nikidhani nimekipata, mtoto mwingine anakuja kunikanusha. Ninachobaki nacho ni kwamba waliokaa na kinanda kisicho hata na tachi ndio wenye kazi ngumu zaidi, kwa sababu hawajawahi kusikia kidole chao kikibadilisha kitu.

Yule mzazi alisoma maelezo yangu yote, akanijibu kwamba P-145 haifiki kwenye bajeti hadi mwakani. Nikamwambia achukue E373, na kila Jumamosi amlete binti dakika 20 kabla ya somo, apige kwenye piano yangu peke yake, mimi nikiwa jikoni. Jumamosi hii binti alifika saa mbili kasorobo. Nikamsikia akibonyeza ufunguo mmoja wa besi, tena na tena, kila mara pole zaidi, mpaka ukakataa kulia.