Miaka 21 ya Marekani: sheria inakataza nini hasa?

Wengi huamini kwamba Marekani ina sheria moja ya shirikisho inayomkataza kila aliye chini ya miaka 21 kunywa pombe. Sivyo. Sheria ya mwaka 1984 haimwadhibu mnywaji. Hupunguza fedha za barabara kuu kwa jimbo lolote linaloruhusu walio chini ya umri huo kununua pombe au kuwa nayo hadharani, shinikizo ambalo Mahakama ya Juu ililihalalisha mwaka 1987. Unywaji wenyewe uliachiwa majimbo, na baadhi yake, kama vile Texas na Wisconsin, humruhusu kijana kunywa mbele ya mzazi wake. Inasikitisha kwamba tofauti hiyo muhimu, kati ya kununua na kunywa, hupuuzwa, ingawa hata Uingereza inayo: kununua ni kuanzia miaka 18, lakini katazo la kumpa mtoto pombe nyumbani huishia miaka 5.