Roki za Zamani: Tunayoyakumbuka na Yaliyo Kwenye Santuri

Wapenzi wa roki za zamani wakikutana hawakawii kubishana. Mmoja atamtaja mpiga solo wake, mwingine atadakia na kisa alichosimuliwa na kaka yake enzi za kanda, na kabla santuri haijageuzwa upande wa pili kisa kimeshakuwa historia. Visa vyenyewe vitamu, sikatai. Ila mara nyingi kilichotokea kweli ni kitamu kuliko kisa, na hakuna anayekisimulia.

Tuanze na "Africa" ya bendi ya Toto, maana hiyo inatugusa. Wengi huamini mtunzi alitembea bara hili, akaona mvua na mlima, akarudi kwao Marekani na wimbo kichwani. David Paich, mpiga kinanda aliyeuanza wimbo huo na kuukamilisha pamoja na mpiga dramu Jeff Porcaro, alikuwa hajakanyaga Afrika. Afrika yake aliijenga kutokana na picha za jarida la National Geographic na masimulizi ya walimu wake wa shule ya Kikatoliki, waliowahi kufanya umisheni huku. Ndiyo maana ubeti mmoja unaupandisha Kilimanjaro juu ya Serengeti. Mtu wa Moshi akisikia hapo lazima acheke: kutoka mlimani hadi hifadhini ni zaidi ya kilomita 200, na katikati pamekaa milima ya Ngorongoro. Wimbo ulitoka 1982, Februari 1983 ukashika namba moja Marekani, na jiografia yake imesafiri nao dunia nzima. Paich simlaumu, hakuwa anaandika kitabu cha shule. Ninayemkatalia ni yule anayeapa kwamba jamaa aliyaona kwa macho.

Kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, tunakosea kutoka pande mbili. Ughaibuni wapo wanaomchukulia kuwa Mwingereza tu, basi. Huku kwetu tunamdai kana kwamba alikulia Forodhani mpaka ndevu zikaota. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, waliotoka Gujarat. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Alipofikisha miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikokomaa kwenye piano na kupiga katika bendi yake ya kwanza. Alirejea Unguja 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kwa hiyo Zanzibar ni kwao kweli, lakini miaka mingi ya utoto wake iko India. Wapo pia wanaosema alikuwa Mwislamu kwa sababu "Bismillah" imo ndani ya "Bohemian Rhapsody". Familia yake ilifuata dini ya Zoroasta, na mazishi yake London mwaka 1991 yaliongozwa na makuhani wa dini hiyo.

Hapo hapo kwa Queen kuna jambo la ajabu zaidi, na hili unaweza kulijaribu leo. Mwambie shabiki yeyote amalizie "We Are the Champions". Atavuta pumzi, ataimba kiitikio cha mwisho, kisha atanyanyua mikono na kumalizia na maneno ya kuwa mabingwa wa dunia. Sasa weka rekodi ya studio ya mwaka 1977. Maneno hayo ya dunia yamo katika viitikio vya mwanzo, lakini mwishoni hayapo. Freddie anatamka kwamba sisi ndio mabingwa, muziki unakatika, kimya. Watu wamegombana kwa hili, wengine wakidai rekodi imechezewa. Haijachezewa. Jukwaani ndiko alikokuwa akiongeza, kama alivyofanya kwenye tamasha la Live Aid pale uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, mbele ya kamera za dunia nzima. Nadhani vichwa vyetu viliunganisha mambo mawili: sauti ya santuri na umalizio wa uwanjani. Binafsi naona rekodi ile inayokatika ghafla ndiyo kali zaidi, inakuacha unadai.

"Hotel California" ya bendi ya Eagles nayo imebebeshwa mengi: hoteli ya mashetani, hospitali ya vichaa, kanisa la wachawi. Jengo lililo kwenye jalada ni Beverly Hills Hotel ya Los Angeles, lililopigwa picha jua likizama. Don Henley, anayeuimba, ameeleza mara nyingi kwamba wimbo unahusu anasa za California na upande wa giza wa ndoto ya Kimarekani. Kuna pia hoteli huko Todos Santos, Mexico, iliyokuwa ikijinasibisha na wimbo huo hadi Eagles wakaipeleka mahakamani 2017. Mwaka uliofuata wakapatana.

Lakini dhana ninayopenda kuivunja ni ya lile gitaa la mwisho. Tunasema wapiga gitaa Don Felder na Joe Walsh waliingia studio, wakafumba macho, vidole vikajiendea vyenyewe. Kwa maelezo ya Felder, walitaka kufanya hivyo hasa, wakiwa studio Miami, na Henley akawakatalia. Yeye alishaizoea kanda ya majaribio ambayo Felder aliirekodi nyumbani, akataka solo ifanane na ile. Kanda iko wapi? California. Ikabidi Felder ampigie simu msaidizi wa nyumbani kwake, aitafute na kuipiga karibu na simu, huku Miami wakiinasa ili Felder ajifunze upya alichokipiga mwenyewe. Zile dakika mbili zinazodhaniwa kuwa za kubuni papo hapo zilikaririwa noti kwa noti.

Wapambe wa harusi mnisamehe kidogo: "Every Breath You Take" ya The Police, ya 1983, si wimbo wa mapenzi matamu. Sikilizeni beti. Anayeimba ni mtu aliyeachwa na bado anafuatilia kila hatua ya mwenzake. Sting, mwimbaji wao na mtunzi wake, mwenyewe amesema ni wimbo wa wivu na kummiliki mtu, na hushangaa watu wakiufungulia dansi la maharusi. Ile gitaa laini ya Andy Summers ndiyo iliyotulaghai. "Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen ni mkasa ule ule: kiitikio cha kupeperushia bendera, beti za askari aliyerudi Vietnam akakosa kazi.

Kuna pia kisa kwamba mwimbaji Phil Collins alishuhudia mtu akizama huku mwingine akikataa kumwokoa, kisha akamwalika huyo mwenye hatia kwenye tamasha na kumwanika kwa taa. Hakumwona mtu akizama wala hakumwalika yeyote. "In the Air Tonight" ilitoka kwenye uchungu wa ndoa yake kuvunjika, na maneno mengi aliyatoa palepale mbele ya maikrofoni.

Mwisho, wimbo ambao watu huukosea kwa kuutafutia mafumbo. "Smoke on the Water" ya Deep Purple huhesabiwa kuwa wimbo wa bangi. Kila kitu ndani yake kilitokea. Tarehe 4 Desemba 1971, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani kwenye kasino ya Montreux, Uswisi, mtu mmoja alifyatua fataki ya moto kuelekea dari, jengo likaungua lote. Deep Purple walikuwa wamefika mjini kurekodi humo humo. Wakabaki wakitazama moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva, kisha wakahamishia kazi kwenye hoteli iliyofungwa kwa msimu wa baridi, lori la studio la Rolling Stones likiwa nje. "Claude" anayetajwa ndani ya wimbo ni Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, aliyesaidia kuwatoa vijana ndani. Jina la wimbo lilimjia mpiga besi Roger Glover akiamka usingizini, na alipowaambia wenzake walisita kulitumia: walihofia watu wangedhani wanaimba kuhusu dawa za kulevya.