Bushi za Hilux kuukuu: kazi inaharibikia kwenye kukaza nati

Wenye Hilux za miaka ya 1990 wananiletea lalamiko moja: bushi za mbele, yaani vile viungo vya mpira na chuma vinavyoshika mikono ya magurudumu kwenye chesisi, zimebadilishwa juzi tu, na mlio umesharudi. Lawama zote wanaitupia spea, eti feki. Spea feki zipo, tena tele. Lakini nikifungua, mara nyingi nakuta bushi ilikuwa nzima, ila imechanika kwa sababu nati zilikazwa gari likiwa juu ya jeki.

Hapa nazungumzia Hilux zenye toshenibaa mbele, yaani fito ndefu ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi. Bushi ya mkono wa chini, ule tunaouita loa amu, ina gamba la chuma la nje linaloshindiliwa kwenye tundu la mkono, bomba dogo la chuma la kupitisha bolti, na katikati mpira ulioshikamanishwa kiwandani na chuma cha pande zote mbili. Ukikaza nati, lile bomba linabanwa kwenye chesisi na haligeuki tena. Mkono unapopanda na kushuka, kinachosogea ni mpira wenyewe, unajipinda na kujirudi. Hakuna kinachoteleza pale, ndiyo maana haupakwi grisi. Sasa kaza nati gurudumu likiwa linaning'inia: mpira unatulia katika hali hiyo. Ukishusha gari, uzito unaupandisha mkono, na mpira unabaki umesokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukipita tuta unasokotwa zaidi. Baada ya muda unaachana na chuma, na mlio unaanza upya.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni bushi kweli. Mwenzako aendeshe taratibu sana mbele na nyuma huku akikanyaga breki kwa ghafla, wewe ukiwa pembeni, mahali salama, unatazama mkono. Mkono ukiruka mbele na nyuma, bushi imekwisha. Halafu ingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na chesisi, usukume. Bushi nzima inakataa kidogo kisha inarudi. Iliyokufa inacheza ovyo, na bomba la kati utaliona limekaa upande. Tairi kulika upande mmoja na gari kuvuta ni dalili pia, ila boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya mkono na gurudumu) na tairodi (fimbo ya usukani) nazo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Gari likae juu ya stendi zilizowekwa chini ya chesisi, kamwe lisiachwe kwenye jeki peke yake. Toshenibaa ina nguvu iliyojifunga ndani yake, lazima uilegeze kwanza. Pima kwa rula ni nyuzi ngapi za bolti yake ya kurekebishia zimetokeza, uandike, na utie alama kwa rangi. Kwenye 4x4, bolti za mkono wa chini zina kamu, yaani visahani ambavyo ukivizungusha vinausogeza mkono, za kupangia alaimenti (mkao wa magurudumu). Nazo zitie alama kabla hujagusa spana.

Kutoa bushi ya zamani ndiko kunakochosha. Gereji nyingi huichoma kwa gesi. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo: moshi wake ni sumu, bomba la kati linaweza kuchomoka kwa kishindo, na joto linaua kifuniko cha boli jointi kilicho karibu. Toboa mpira kwa drili kuzunguka bomba hadi litoke. Kisha pitisha msumeno wa chuma ndani ya tundu, ukate gamba la nje taratibu kwa urefu wake, ukisimama kabla meno hayajagusa chuma cha mkono. Gamba likishapasuka, tindo ndogo inalikunja kuelekea ndani na linatoka. Ukiwa na presi, yote haya huyahitaji.

Safisha kutu tunduni. Bushi mpya isukumwe kwa presi au jiliwa kubwa, na nguvu ishike gamba la nje tu. Ukigonga bomba la kati kwa nyundo umeshaichana kabla haijafanya kazi. Mpira ukihitaji ulaini, tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida huufanya uvimbe na kuoza.

Rudisha bolti, nati uziache zimeshika tu kwa mkono. Rudisha toshenibaa kwenye vipimo vyako, funga magurudumu, shusha gari mpaka chini. Tikisa bampa mara kadhaa ili likae kwenye kimo chake. Hapo ndipo uingie chini na spana ya kupimia nguvu, ukaze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hilux iko juu vya kutosha kwa kazi hiyo, na kama nafasi ni finyu, pandisha magurudumu yote manne kwenye vipande vya mbao imara.

Springi za nyuma ni rahisi zaidi. Mipira ya shekeli (kishikio kinachounganisha ncha ya springi na chesisi), ile ya vipande viwili, inaingia kwa mkono na maji ya sabuni, na nati zake nazo zinakazwa gari likiwa chini. Ila angalia pini: ikiwa imelika na kufanya kiuno, mpira mpya hautadumu, nunua na pini.

Ukimaliza, peleka gari likapigwe alaimenti siku hiyo hiyo, hata kama alama za kamu zimerudi sawasawa. Alama zako zilipimwa mkono ukiwa umelegea kwenye bushi mbovu.