Gari la Umeme Lililogeuzwa Nyumbani: Jinsi ya Kuzuia Mota Isipite Kasi Yake

Anayegeuza gari la petroli kuwa la umeme mara nyingi huanza na mota ya DC (umeme wa betri, unaopita upande mmoja tu) iliyotolewa kwenye foklifti. Ni nafuu, ina nguvu ya kuondokea, na kontrola yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye mota, si ngumu kuielewa. Nyingi ya mota hizo ni za siriizi: waya wa uga sumaku na waya wa amecha (sehemu inayozunguka ya mota) umeunganishwa mfululizo, mkondo uleule ukipita kote kuwili. Hapo ndipo penye hatari.

Amecha inapozunguka huzalisha volti inayopingana na ile ya betri, na volti hiyo ndiyo huzuia mota isizidi kukimbia. Mota ya siriizi ikikosa mzigo, mkondo hupungua. Mkondo ukipungua, uga sumaku hudhoofika. Uga ukidhoofika, amecha hulazimika kukimbia zaidi ili ifikie volti ileile ya kupinga. Mkondo hupungua tena. Hakuna kinachoisimamisha ila msuguano wa beringi na upepo, na nguvu ya kurusha vitu nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 5,000 kwa dakika ikifika 8,000, vipande vya shaba vya komyuteta (sehemu ya amecha inayopokea umeme kutoka kwa brashi za kaboni) hurushwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyokusudiwa. Vipande huinuka, brashi za kaboni hurukaruka, cheche hugeuka moto, na waya huchomoka kwenye mifereji yake. Hayo yote huweza kutokea ndani ya sekunde chache, kabla dereva hajaelewa ni sauti gani anayoisikia.

Mzigo hupotea wapi? Dereva akikanyaga klachi huku mguu mwingine ukiwa bado kwenye pedali ya mwendo. Gia ikiwa frii. Kapla inayounganisha mota na giaboksi ikikatika. Lakini kuna njia nyingine ya mota kupita kasi yake, isiyohitaji hata umeme: magurudumu yenyewe kuizungusha mota.

Chukua gari dogo lenye matairi ya 175/70R13, ambayo mzunguko wake ni karibu mita 1.8, difu yenye uwiano wa 4.1, na giaboksi yenye uwiano wa 3.5 kwa gia ya kwanza, 2.0 kwa ya pili na 1.4 kwa ya tatu. Kwa kilomita 60 kwa saa, mota iko kwenye mizunguko kama 3,200 katika gia ya tatu. Ukiingiza ya pili, inafika 4,500. Ukikosea ukaingiza ya kwanza, inakaribia 8,000, na hakuna kifaa cha umeme kitakachokuokoa, maana anayesukuma ni gari lenyewe. Piga hesabu ya gari lako kwa vipimo vyako, kisha ubandike kwenye dashibodi mwendo wa mwisho wa kila gia. Kwa gari hilo la mfano, kikomo cha 5,000 ni kilomita 37 kwa saa katika gia ya kwanza, 66 ya pili na 94 ya tatu.

Shuleni madereva hufundishwa kuteremka kwa gia waliyopandia. Ukishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu kwa injini ya petroli, ni ushauri mzuri. Kwa mota ya siriizi isiyo na mfumo wa kurudisha umeme kwenye betri, gia ndogo haikusaidii kupunguza mwendo hata kidogo. Inaizungusha mota kupita kiasi tu. Breki ndizo zitakazokushikilia, kwa hiyo hakikisha pampu ya umeme inayoipa hewa pungufu servo ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako) inafanya kazi, kwani injini iliyokuwa ikitoa huduma hiyo imeondoka.

Sasa kinga. Sensa ya mwendo iwekwe kwenye shafti ya mota yenyewe, upande wa nyuma, si kwenye gurudumu wala giaboksi. Kapla ikikatika, gurudumu litasema mwendo ni wa kawaida huku mota ikipasuka. Kisahani cha alumini chenye sumaku 4 zilizopangwa kwa umbali sawa, uso uleule ukitazama nje, na sensa ya Hall (inayohisi sumaku ikipita) kando yake kinatosha. Kwa mizunguko 5,000 utapata mapigo 333 kwa sekunde. Sumaku zizamishwe ndani ya mashimo na kushikwa kwa epoksi. Gundi peke yake juu ya kisahani hairidhishi. Waya wa sensa uwe wenye ngao ya chuma, upite mbali na kebo za mota.

Ukato uwe wa hatua mbili. Mota ikifika asilimia 90 ya kikomo, sakiti ikate waya wa ufunguo unaoamsha kontrola. Ikifika kikomo, sakiti ifungue kontakta kuu, ile swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri. Hatua ya pili ni ya lazima, kwa kuwa transista za kontrola zikiungua mara nyingi hubaki zimeunganika, na mota hupata volti zote za betri bila kujali pedali. Relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ya sakiti hiyo iwe ya kushikiliwa na umeme, ili waya ukikatika nayo iachie. Sakiti pia ikate ikiwa pedali imekanyagwa, mkondo unapita, na kwa sekunde mbili hakuna pigo lolote la sensa. Ongeza swichi ya klachi na ya frii kwenye waya uleule.

Kontakta ndipo watu wengi hupotelea. Zile zinazouzwa kwa wingi madukani mjini kwa ajili ya mashine za kiwandani ni za AC. Umeme wa 50 Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hujizima. Wa DC haupiti, na cheche itaendelea kuwaka hadi kontakta iyeyuke. Nunua iliyoandikwa volti za DC zisizo chini ya za betri zako, yenye sumaku za kupuliza cheche, na uzingatie chanya na hasi.

Jaribio lifanyike gari likiwa juu ya stendi, gia ya tatu, kwa betri moja ya volti 12. Usithubutu kuunganisha betri zote kwa mota isiyo na mzigo. Weka kikomo cha majaribio cha mizunguko 800 kwa dakika, washa, uone kontakta inafunguka. Chomoa sensa, urudie. Thibitisha hesabu kwa takometa ya mwanga (kipima mizunguko), ndipo uweke kikomo halisi.

Mota ya sumaku ya kudumu, kama ya gari la umeme lililogongwa, haikimbii hivyo, ila ikizungushwa sana huzalisha volti nyingi kuliko za betri na kuharibu inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota). Usilivute gari hilo magurudumu yake ya mota yakiwa chini.

Mota ya siriizi ikishapita kikomo hata mara moja, ifungue kabla ya kuiendesha tena. Pitisha kidole juu ya komyuteta ikiwa imepoa na betri zimetenganishwa: ukihisi kipande kimeinuka, au ukiona shaba imekuwa ya bluu, ipeleke kwa fundi wa kusuka mota. Pima kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya waya na bodi. Chini ya megaohmu 1, isirudi barabarani.